Kadi za utalii Copenhagen: ipi ununue, ipi uiache

Majira ya joto yakikaribia, ujumbe ninaopokea huwa wa aina moja. Mtu katoka Dar au Mombasa, kaja kumwona dada yake au kuhudhuria mkutano, ana siku mbili za kuiona Copenhagen, ananunua kadi ya utalii ya saa 24, ile inayolipia viingilio vya vivutio kwa mkupuo. Anaondoka kaona majumba mawili na kupanda mashua mara moja. Msomaji mmoja aliniuliza kama ameibiwa au ni yeye tu asiyejua kutembea. Hukuibiwa, mdogo wangu. Umeuziwa saa za usiku.

Matangazo ya kadi hizi hujisifu kwamba kubwa kati yake inafungua vivutio zaidi ya 80, na wengi wanaoziandikia hupigia hesabu idadi hiyo. Mimi simo. Hakuna binadamu atakayeingia milango 80. Ninachokiangalia ni kitu ambacho karibu hakuna anayekitaja: milango yenyewe iko wazi kwa muda gani.

Kadi inahesabu saa mfululizo, tangu unapoiwasha kwenye simu. Haijali kama umelala, unaoga au unatafuta pilipili kwenye duka la Waarabu kule Nørrebro. Majumba mengi ya makumbusho hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 11 au 12 jioni. Sasa piga hesabu. Iwashe asubuhi, iwashe adhuhuri, iwashe usiku ukishuka kwenye ndege: katika saa 24 zozote utakazochagua, utapata saa saba au nane za milango iliyo wazi, basi. Toa chakula cha mchana, toa foleni, toa mvua, maana mvua ya Copenhagen haina adabu hata mwezi wa Julai. Zinabaki saa za kuingia sehemu tatu bila kukimbia. Hizo ndizo unazonunua.

Halafu kuna Jumatatu. Jumba la taifa la sanaa, SMK, hufungwa. Glyptoteket, jumba la sanamu, hufungwa. Louisiana, jumba la sanaa nitakalolirudia, hufungwa. Hata mnara wa Christiansborg, jumba la bunge, ambao ni bure, hufungwa. Anayewasha kadi ya saa 24 Jumapili jioni anakuwa amelipia Jumatatu yote, na muuzaji hatamwambia.

Ndiyo maana ninazipanga kadi kwa swali moja tu: inakusaidia nini baada ya saa 11 jioni? Sehemu mbili kubwa ndizo zinazookoa jioni. Ya kwanza ni Tivoli, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1843, jirani kabisa na stesheni kuu ya treni, nayo huwa wazi hadi usiku. Ila ufahamu kwamba kadi hulipa kiingilio tu. Michezo ya ndani, ile ya kurushwa na kupinduliwa, ina tiketi yake. Na Tivoli huenda kwa misimu. Kati ya msimu na msimu lango hufungwa, kwa hiyo angalia tarehe kabla hujalipa. Ya pili ni Louisiana, jumba la sanaa la kisasa lililoanzishwa mwaka 1958 huko Humlebæk, kilomita kama 35 kaskazini ya mji, kando ya bahari. Jumanne hadi Ijumaa huwa wazi hadi saa 4 usiku. Treni inachukua zaidi kidogo ya nusu saa. Wageni wengi hawafiki, eti ni mbali. Kwa mwenye kadi, umbali huo ndio faida yake, maana treni pia imo.

Nafasi ya kwanza, na sifichi mapenzi yangu: Copenhagen Card Discover ya saa 48. Sijalipwa na mtu. Ninaipenda kwa sababu inabeba metro ya kutoka uwanja wa ndege, mabasi, treni za mkoa mzima wa mji mkuu na kiingilio cha Louisiana, vyote kwenye simu moja. Siku ya kwanza kaa mjini. Anza na Rosenborg, ngome ya mfalme Christian wa Nne, penye mataji ya ufalme. Pale huingiza watu kwa muda maalumu, hata mwenye kadi ajihakikishie nafasi mapema. Kisha panda Rundetårn, mnara uliokamilika mwaka 1642, ambao ndani hauna ngazi bali njia pana inayozunguka hadi karibu na kilele. Tsar Peter wa Urusi aliupanda akiwa juu ya farasi mwaka 1716, kwa hiyo wewe mwenye raba huna kisingizio. Mashua ya mifereji mchana, Tivoli usiku. Siku ya pili shika treni ya pwani mapema hadi mwisho wake, Helsingør, ukaione ngome ya Kronborg, na jioni ukirudi ushuke Louisiana.

Wasomaji wa Nairobi, reli hiyohiyo ina kituo cha Rungsted Kyst. Huko ndiko nyumbani kwa mwandishi Karen Blixen, yule ambaye nyumba yake mnaijua chini ya vilima vya Ngong. Alifariki huko mwaka 1962, na kaburi lake liko chini ya mti mkubwa kwenye bustani ambayo haina kiingilio. Mimi kila nikipita ninajiuliza wale waliomlimia kahawa wamezikwa wapi, lakini hilo ni la siku nyingine.

Msiipande treni ya Malmö kwa kadi hii. Inapita uwanja wa ndege na kuvuka daraja hadi Uswidi, na kadi inakoma upande wa Denmark.

Nafasi ya pili: City Pass Small. Hii si kadi ya utalii, ni tiketi ya usafiri tu kwa kanda 1 hadi 4, uwanja wa ndege ukiwemo, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya ile ya kwanza. Inapanda hadi mabasi ya majini, yale yanayopita bandarini, kwa hiyo mashua ya watalii si lazima. Walinzi wa Amalienborg, kasri la mfalme, hubadilishana saa 6 mchana bure, Nyhavn, bandari ya zamani, ni bure, na ile sanamu ya binti nguva wa shaba, iliyokaa juu ya jiwe lake tangu mwaka 1913, ni bure pia. Ana urefu wa mita moja na robo tu, kwa hiyo usimpangie nusu siku.

Nafasi ya tatu: Discover ya saa 24. Nunua kama tu siku yako ni kati ya Jumanne na Ijumaa na umeapa kwenda Louisiana jioni. Vinginevyo hapana.

Nafasi ya mwisho ni Copenhagen Card Hop, na hapa nitasema sana. Jina la mbele ni lilelile, lakini vivutio ni vichache zaidi, na usafiri wake ni mabasi ya watalii ya kupanda na kushuka. Metro haimo. Treni haimo. Njia ya uwanja wa ndege haimo. Nayo metro ya Copenhagen haina lango la kukuzuia, haina hata dereva. Unaingia moja kwa moja na kukaa. Ukadhani umeruhusiwa, mpaka mkaguzi akusimamie mbele, na faini yake inapita bei ya kadi yenyewe ya saa 24. Hayo mabasi ya watalii nayo hulala mapema kama majumba. Kwa swali langu la saa 11 jioni, Hop ina jibu la Tivoli tu, na Tivoli unakwenda kwa miguu.

Wenye watoto, msikimbilie kadi za vijana. Rosenborg, SMK na Makumbusho ya Taifa hayatozi aliye chini ya miaka 18. Mlipieni kijana Tivoli, hela inayobaki ikanunue michezo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni wauzaji wa kati mtandaoni. Wanachukua kadi hizi, wanazifungia pamoja na "ziara" ya binti nguva, yaani sanamu ya bure iliyo kando ya maji, na mashua ambayo tayari imo ndani ya kadi, kisha wanaandika bei kwa yuro wakati Denmark inatumia krona. Mtu anayelipa kutoka simu ya Arusha anakatwa mara mbili kwenye kubadilisha fedha. Ukiwaandikia kuomba urudishiwe, wanakujibu kwa heshima nyingi na hela harudishi mtu. Nunua kwenye programu ya wanaotoa kadi wenyewe, usiiwashe mpaka umesimama mbele ya mlango wa kwanza au metro ya kwanza, na kama siku yako pekee mjini ni Jumatatu, chukua City Pass.