"Believe" ya Cher: sauti inayopanda ngazi

Vaa hedifoni nzuri, usubiri beti ya kwanza. Cher anaanza kwa ile sauti yake nzito ya chini, kisha maneno mawili matatu yanavunjika ghafla. Sauti haitelezi tena kutoka noti moja hadi nyingine. Inaruka, kama mtu anayepanda ngazi mahali palipokuwa na mteremko. Mara inarudi kuwa sauti ya mwanamke mwenye maumivu. Kiitikio kinapoingia, karibu chote hakijavunjwa. Kujizuia huko ndiko kunakoibeba singo hii, na ndiko walikoshindwa wengi walioiiga.

"Believe" ilitoka Oktoba 1998. Uingereza ilikaa nambari moja kwa wiki 7, ikawa singo iliyouzwa kuliko zote mwaka huo, na nakala zake zilizopita milioni 1.7 zimeifanya kuwa singo ya mwimbaji wa kike iliyouzwa zaidi katika nchi hiyo. Marekani ilifika kileleni Machi 1999 na kukaa wiki 4. Cher alikuwa na miaka 52, na mara ya mwisho kushika nambari moja kwao ilikuwa 1974. Mwaka 2000 ikatwaa Grammy ya rekodi bora ya dansi.

Watu husema Auto-Tune, programu ya kurekebisha noti za mwimbaji, ndiyo iliyouza wimbo. Si kweli. Demo ya Brian Higgins na wenzake ilizunguka muda mrefu bila kupata mwimbaji, kwa sababu kiitikio kilipendwa na beti hazikupendwa. Rob Dickins, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya muziki ya Warner Uingereza, akaipeleka Dreamhouse, studio ya magharibi mwa London, kwa watayarishaji Mark Taylor na Brian Rawling, na beti zikaandikwa upya. Ndiyo maana waandishi waliotajwa ni 6. Cher mwenyewe hayumo kwenye orodha hiyo, ingawa ndiye aliyetaka beti ya pili isiendelee kulia kama ya kwanza. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana: bila hilo, kiitikio kingerudi kuuliza swali lilelile mara ya pili. Sasa kinarudi kikiwa kimepata jibu.

Tuje kwenye sauti yenyewe. Auto-Tune iliingia sokoni 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kurekebisha noti iliyopinda bila msikilizaji kugundua. Ina kitufe cha Retune Speed kinachohesabu kwa milisekunde: kwenye 20 hadi 50 sauti inasogezwa taratibu na bado inasikika ya kibinadamu, kwenye 0 inavutwa papo hapo, mteremko unakatwa na mtetemo wa koo unanyooshwa. Taylor akaiweka 0. Kampuni ikataka sauti ile iondolewe, Cher akakataa katakata. Mapema 1999, jarida la Sound on Sound lilipowahoji watayarishaji, walidai ni vokoda. Aliyewafuata hakufika popote, kwa kuwa vokoda huazima sauti ya kinanda na kuifanya izungumze, ilhali hapa koo ni la Cher mwenyewe, pumzi zote zikiwemo.

Anayetaka kuipata studioni aanze na sauti kavu, mono (ya chaneli moja), bila mwangwi wa chumba (reverb). Mwangwi ukitangulia, programu inasikia noti mbili kwa pamoja na kuanza kukoroma. Hata biti inayovuja kutoka kwenye hedifoni ya mwimbaji inatosha kuichanganya. Chagua skeli sahihi; "Believe" iko kwenye F♯ meja, na ukikosea skeli sauti itarukia noti ambazo kinanda cha wimbo hakipigi. Kisha katakata sauti kwa vipande, uweke 0 pale tu neno linapohitaji kuvunjika. Mwangwi na ekoo, yaani marudio ya sauti (delay), zije baadaye. Kwa mapigo 133 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 451 na nusu yake ni 226, kwa hiyo ekoo iliyowekwa kwenye namba hizo itakaa ndani ya mdundo.

Kosa linalowashangaza wengi ni kuweka 0 na kusikia karibu hakuna kilichobadilika. Sababu yake ni rahisi: mwimbaji ameimba sawasawa mno, hakuna umbali wa kuruka. Mwambie ateleze, aingie noti kutoka chini, alegeze mwisho wa neno. Cher huimba hivyo kwa asili.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Bongo Fleva imeishi na Auto-Tune kwa miaka mingi, na waimbaji wengi wana mapambo ya koo yanayofanana na ya taarabu. Mapambo hayo yakipitishwa kwenye 0 hugeuka ngazi fupifupi, na yakiwa machache yanapendeza sana. Lakini taarabu yenye makamu (maqam), yaani skeli za Kiarabu, ina noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda. Programu iliyowekwa kwenye skeli ya noti 12 itazivuta zote juu au chini, na wimbo utapoteza ladha bila mtu kujua ulipoibiwa. Kwa sauti za namna hiyo, zima kabisa au tumia kwenye neno moja tu.

Kasoro zipo. Sauti za kinanda za nyuma zina harufu ya 1998 isiyofichika, na ngoma ya chini ni nyembamba ukiipiga baada ya nyimbo za leo. DJ aongeze kidogo kwenye hezi 60 na asiguse zaidi, la sivyo besi itaanza kuvimba. Sehemu ya kati, kabla ya kiitikio cha mwisho, ni dhaifu kuliko yote yaliyoizunguka.

Kwa nyumbani, chukua toleo la kawaida la takriban dakika 4. Kwa ukumbini toleo hilo ni gumu kuunganisha, maana linaanza na kinanda na sauti bila ngoma ya kushikilia. Tafuta remiksi ya Club 69, yaani Peter Rauhofer, au ya Almighty: ya kwanza ni nzito na ya usiku mkubwa, ya pili ina furaha ya mapema. Kwa wanaopanga kwa gurudumu la Camelot, mchoro wa ma-DJ unaozipa skeli namba, singo hii ni 2B, hivyo inaingiliana vizuri na 1B, 3B na 2A. Na kwa DJ wa singeli, 133 mara mbili ni 266, ndani kabisa ya kasi ya singeli. Kiitikio kinaweza kukaa juu ya ngoma hizo bila kasi yake kubadilishwa hata kidogo, mradi kinanda cha singeli kihamishiwe F♯.