Uzoefu wangu na fundi aliyenilainishia triga

Fundi ninayemsema simtaji jina wala mtaa. Anajijua, na akisoma atajua.

Bunduki ni ya marehemu baba, namba 12, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, triga mbili: ya mbele ya mtutu wa kulia, ya nyuma ya mtutu wa kushoto. Huku kwetu kusini ya Unguja bunduki si pambo la ukutani. Konde la mihogo ukiliacha usiku mmoja bila mlinzi, nguruwe wa uwandani wanakuamsha na mashimo. Nyama yao hatuli, mbwa ndio wanaofaidi. Tunacholinda ni chakula cha watoto.

Triga ya mbele ilikuwa nzito. Unavuta, unavuta, mpaka shabaha inayumba kabla ya mlio. Nikaipeleka kwa fundi huyo mjini, nikamwambia ailainishe. Nakiri, mimi ndiye niliyeomba. Haikupita hata wiki akaniita. Kidole kikigusa tu, tak! Wallahi nilifurahi. Nilimsifu barazani, nilimsifu msikitini baada ya sala, na jamaa wawili wakampelekea bunduki zao kwa maneno yangu. Hao nimeshawaendea majumbani mwao kuwaomba radhi.

Usiku wenyewe tulikuwa kondeni upande wa Muyuni, mimi na mpwa wangu, ndiye aliyeshika tochi. Mbwa wakalia. Nikaivunja bunduki, yaani nikaikunja mitutu ifunguke nyuma, nikatia risasi mbili, nikaifunga. Aina hii ukiifungua, sefti, kile kifungio cha kuizuia isilie, inarudi yenyewe, na niliipapasa kwa dole gumba: imerudi. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye shingo ya kitako, kidole kimenyooka nje kabisa ya triga. Ile inafunga tu, ikalia.

Mitutu ilikuwa inatazama chini, kwa sababu baba alitufundisha hivyo kwa bakora. Marisau yakapiga jiwe la uwandani, hatua mbili kutoka miguuni mwa mtoto. Vipande vya jiwe vikaruka. Masikio yamenizibika, nikamwona anaimulika miguu yake mwenyewe kwa tochi, kisha anainua uso: "Mjomba, nimeumia?" Ilikuwa mikwaruzo tu kwenye muundi. Nilimbeba mpaka kwao ingawa alikuwa anaweza kutembea, nikamweleza dada yangu usiku ule ule.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Nilikwenda kwa upole, nataka aifungue tuangalie pamoja. Hakuifungua. Mbele ya wateja wake akasema, "Mzee, hicho ni kidole. Bunduki ya triga mbili mtu akishtuka anashika ya nyuma bila kujua." Nikamwambia uliolia ni mtutu wa kulia, na sefti ilikuwa imefungwa. "Sefti ikifungwa hailii. Basi hukuifunga." Waliokaa wakacheka. Akanirudishia bunduki kwa mkono mmoja, mitutu imenielekea kifuani, hakuivunja kwanza kutazama kama mna kitu ndani. Mtu anayekula kwa kazi ya bunduki!

Nilirudi nimeapa kuiuza. Nilimwambia kila mtu kwamba bunduki hii ni mbovu, za aina yake zote mbovu, asinunue mtu. Maneno hayo nayafuta leo, kwa sababu ya mzee mmoja wa Makunduchi, msasi tangu ujana wake, aliyeniambia nimletee kabla sijaiuza.

Kwanza aliivunja, akatazama kama ni tupu, akanipa na mimi nitazame. Akatia maganda yaliyokwisha kupigwa, akaifunga, sefti imefungwa, akasimamisha kitako juu ya gunia na kukigonga kwa nyundo ya mpira. Pigo la pili tu, tak. Upande wa kulia umejifyatua wenyewe. Akafunga uzi kwenye triga na kuuvuta kwa mizani ya kupimia samaki: haikufika hata kilo moja. Ya mbele, alisema, isipungue kilo moja na nusu, na ya nyuma izidi kidogo.

Kisha akafungua. Mle ndani mna nyundo inayosukumwa na kamani yenye nguvu, na kinachoizuia ni jino dogo lililokaa kwenye pengo lake. Triga kazi yake ni kulitoa jino. Na hili ndilo ninalotaka kila mwenye bunduki kama yangu alisikie: sefti yetu inafunga triga tu. Nyundo haiigusi. Jino likiteleza lenyewe kwa mtikiso, sefti haina habari. Zipo bunduki zenye jino la pili la kuidaka nyundo ikiponyoka, nyingi ni zile za bei kali zenye mitambo yake ubavuni. Hizi zetu za kawaida hazina.

Pengo la kulia lilikuwa limepigwa tupa mpaka kingo zimekuwa mviringo. Chuma kile kigumu juu tu, kama ganda; tupa ikilimaliza ganda, chini yake ni laini, kinalika kila unapopiga.

Lakini kilichonifanya nishindwe kukaa kitako ni upande wa kushoto, ambao fundi hakuugusa. Mzee akaniwekea kidole kwenye mafuta ya zamani yaliyochanganyika na vumbi na chumvi ya pwani, yameganda meusi kama lami. Akaosha kwa mafuta ya taa, akapangusa, akatia tone moja jipya. Triga ya nyuma, ambayo nayo ilikuwa ngumu, ikawa inakwenda vizuri na mizani inasoma kilo karibu mbili. Uchafu! Uzito wote niliolalamikia ulikuwa uchafu. Fundi angeosha, angechukua pesa zile zile, na mpwa wangu asingekuwa anashtuka mlango ukigongwa.

Labda hakujua. Mara nyingine najiambia hivyo, kwamba kijana kajifunza kwa kuangalia, hakupata wa kumkanya, na mimi nilimharakisha. Tupa ningemsamehe. Halafu naikumbuka ile mitutu kifuani mwangu na kicheko cha wale watu, na simsamehi. Kama una bunduki kwake, kaichukue leo, na ukifika nyumbani ifanyie jaribio la mzee kwa maganda matupu kabla hujatia risasi ya kweli.

Yangu sijaiuza. Imelala imevunjwa, mitutu mbali, kitako mbali, nasubiri kipande kipya, na mzee amesema hatakifunga mpaka akipime mbele yangu. Nguruwe wamekwisha kula mistari minne ya mihogo tangu wakati ule. Wale tu.