The Wild Robot: roboti anayelea kifaranga, na sisi tuliomtazama Chumbageni

Nyumbani kwetu Chumbageni, hapa Tanga, Jumamosi usiku ni ya filamu. Mkeka sebuleni, bisi kwenye sinia, machungwa ya Muheza yameshamenywa, na mimi nakaa katikati nikitafsiri, kwa sababu Kiingereza bado kinawapita wanangu. Wako wawili. Mkubwa ana miaka tisa, ni mtoto wa marehemu dada yangu, ninaye tangu hajaota meno. Mdogo ni wa kumzaa mwenyewe, ana mitano. Nalitanguliza hili kwa sababu The Wild Robot ni hadithi ya kumlea mtoto ambaye hukumzaa, nami siwezi kuizungumzia kama mtu wa mbali.

Ni katuni ya DreamWorks Animation ya mwaka 2024, dakika 102, imeongozwa na Chris Sanders kutoka kwenye riwaya ya Peter Brown ya 2016. Kitabu tulikuwa tumekimaliza kabla, sura mbili tatu kila usiku kabla ya kulala. Sura zenyewe ni fupi fupi, 80 kwa jumla, na picha kazichora mwandishi kwa mkono wake. Dhoruba inaivunja shehena ya maroboti baharini, na roboti mmoja, Roz, anajikuta mzima kwenye kisiwa kisicho na binadamu. Ameundwa kutumwa, basi anamfuata kila mnyama akimuuliza ana kazi gani ya kumsaidia, na wanyama wanamkimbia kama zimwi. Mdogo wangu aliuliza papo hapo kama na kule Toteni kuna roboti. Kisiwa cha Toten tunakiona kila tukienda Raskazone, kichaka kitupu na magofu ya misikiti, kwa hiyo swali lake lilikuwa na mantiki kabisa.

Sauti ya Roz ni ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na hapo ndipo filamu iliponishika. Mwanzoni anaongea kama ile sauti ya kwenye simu inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili: changamfu, lakini hakuna mtu ndani yake. Kadiri mwili wake unavyokwaruzwa na kuota ukoka na kuvu, sauti nayo inateremka, inapunguza haraka, inaanza kusitasita. Mkubwa aliling'amua kabla yangu. "Mama mdogo, sasa anaongea kama mtu."

Sasa kile kiota. Roz anakimbizwa na dubu, anaporomoka na kuangukia kiota cha bata bukini. Mama bata anakufa na mayai yake, linabaki moja. Damu haionyeshwi, ila mtoto wa miaka tisa anaelewa vizuri sana. Nilisimamisha filamu.

"Yule bata mkubwa amekufa?"

"Amekufa."

"Na roboti hakukusudia?"

"Hakukusudia."

"Haya, endelea."

Nilishukuru kwamba hawakudanganywa. Kuna katuni nyingi ambazo mama hufa nje ya picha na kila mtu akaimba. Hapa kifo kinatajwa kwa jina lake, tena mara nyingine kwa kuchekesha: kuna mama mmoja wa kile kinyama cha Marekani kinachojifanya maiti kikiona hatari, na watoto wake wanalala chali wakibishana kila mmoja amekufa kwa kitu gani. Mdogo alicheka mpaka bisi zikamwagika.

Kifaranga anaitwa Brightbill, na Roz anapewa mambo matatu ya kumfundisha kabla ya baridi kuingia: kula, kuogelea, kuruka. Sisi tunasema kuzaa si kazi, kazi kulea, na sijaona filamu ikiionyesha ile kazi kama hii. Roz hajui. Anakosea, anauliza majirani, anamtegemea mbweha mwongo anayeitwa Fink ambaye mwanzoni alitaka kumla huyo huyo mtoto. Kitabuni Fink ni wa kupita tu. Filamu imempa nafasi kubwa na imefanya vyema.

Halafu siku ya bata bukini kuhama kuikimbia baridi. Brightbill ameshajua nani aliyeua mama yake, ana hasira, hazungumzi na Roz. Bata wote wanapaa, na Roz anakimbia chini yao, akiruka mawe na magogo, mpaka ardhi inamwishia. Mbingu pale zimepakwa rangi kwa brashi, michirizi ya brashi yenyewe unaiona, na muziki wa Kris Bowers unapanda. Mkubwa alinyoosha mkono akashika khanga yangu. Hakusema kitu. Aliniomba tu turudishe nyuma, tukaitazama mara tatu.

Nina manung'uniko. Sehemu ya mwisho, kampuni iliyomuunda Roz inapotuma maroboti wenzake kuja kumchukua, ni milipuko na moto msituni, ndefu kuliko inavyohitajika. Mdogo aliingia chini ya mto hakutoka. Kitabu kinalipita hilo kwa utulivu zaidi. Na yule mama bata wa kwanza anatajwa kidogo sana baadaye. Mwanangu ananiita mama mdogo, na nataka iwe hivyo, kwa sababu mama yake ana nafasi yake na picha yake kabatini. Ningependa Brightbill naye angepewa hata dakika mbili za kumuuliza mtu: alikuwaje?

Matusi hamna, mapenzi ya wakubwa hamna. Wa miaka saba kwenda juu wataiweza. Wa mitano muwe naye pembeni kwenye ile sehemu ya moto. Kama mtatafsiri kama mimi, isomeni hadithi kwanza, itawapunguzia kukatiza katikati.

Jumapili maji yalipokupwa tulishuka Sahare. Vitwitwi walikuwa wamejaa kwenye tope, wanadonoa na kukimbia. Nikawaambia hawa nao ni wageni, wametoka kaskazini kwenye baridi, na ikifika mwezi wa tano wengi watakuwa wamekwenda zao. Mkubwa akawatazama muda mrefu, akataka kujua wanaijuaje njia yule wa kwanza kuwaonyesha asipokuwepo. Nikamwambia tukae tuwaangalie, tukakaa mpaka maji yakaanza kurudi.