Koti la kitenge: uzoefu wangu, na nguo zinazolifaa

Nalipatia nyota 4 kati ya 5. Ni koti la mshono wa blezia, limekula yadi 3 za kitenge cha nta chenye upana wa inchi 45 hivi: uwanja wa buluu ya nili, miduara ya chungwa mikubwa kama visahani vya chai, na weupe kati ya miduara. Likivaliwa na nguo zinazolistahi linapendeza mno. Likichanganywa hovyo ni zogo tupu.

Kosa la kwanza lilikuwa blauzi nyeupe pe. Kitenge halisi cha nta hupakwa nta au utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi. Nta ikipasuka, buluu hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba kama nywele juu ya weupe. Mishipa hiyo ndiyo uzuri wa kitambaa, lakini ikikaa karibu na nyeupe ya kung'aa, koti linaonekana limefubaa, kana kwamba halikufuliwa likatakata. Blauzi ya rangi ya maziwa ilimaliza tatizo lote. Kwa anayevaa mtandio, nao ufuate hivyo hivyo: rangi ya maziwa au buluu iliyokoza, bila maua, bila kumeremeta.

Rangi ya nguo za kusindikiza naichukua ndani ya kitenge chenyewe, hasa ile ya uwanja. Chungwa ndilo linaloita macho, kwa hiyo silirudii kwenye nguo kubwa. Suruali ni ya buluu iliyokoza, gabadini isiyong'aa, mguu ulionyooka. Chini ni makubadhi au viatu vya ngozi vya rangi ya ugoro. Chungwa likirudi, lirudi mara moja tu na liwe dogo, kama hereni za kubana. Hereni, pochi na viatu vikiwa vya chungwa vyote, jicho linazunguka huku na huku na kukosa pa kutua. Mkufu siuvai kabisa, unagombana na kola.

Michoro miwili inawezekana, ila ukubwa utofautiane sana. Shati la mistari ya buluu ya milimita 2 au 3 linakaa vizuri kwa sababu kwa mbali mistari husomeka kama rangi moja. Maua ya ukubwa wa kiganja yatashindana na miduara. Sketi ya kitenge hicho hicho hugeuza koti kuwa suti. Ni vazi zuri la harusini, lakini hapo koti halisimami tena peke yake.

Nyota iliyopungua ni ya ushonaji. Kushoto mduara umeangukia kifuani, kulia umeangukia chini ya mfuko, kwa hiyo koti linaonekana limepinda hata likiwa limenyooka. Kabla fundi hajakata, kitambaa kitandazwe, vipande viwili vya mbele vilinganishwe mchoro kwa mchoro, na miduara ishushwe usawa wa kiuno. Kulinganisha huko kunakula kama nusu yadi zaidi, basi nunua 3 na nusu. Kola ikatwe penye uwanja mtupu, la sivyo inamezwa na mchoro na umbo la blezia linapotea.

Pia kitambaa hakikulowekwa kabla ya kushonwa, na mikono ikapanda karibu inchi 1 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Loweka usiku kucha kwenye maji ya baridi, anika kivulini, piga pasi, ndipo upeleke kwa fundi. Buluu nayo huchuja: jasho la Dar limeacha doa kwenye kola ya blauzi ya maziwa. Sasa koti nalifua peke yake, limegeuzwa ndani nje, na nasuuza mpaka maji yasiwe na rangi. Bitana imewekwa nusu mgongo na mikononi tu. Kwa joto la Januari hata hiyo naiona nyingi.