TV gani ununue Luthuli kama hutaki apdeti ikukatize mechi

Ukiingia Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kila duka ni "bosi chukua smati, digitali zimepitwa", na hakuna atakayekuambia hiyo smati itajiapdeti ikitaka, tena kwa bando zako. Wengi wetu tunazima kwa soketi kuokoa tokeni, sasa apdeti iliyofaa kuingia usiku TV ikiwa stendibai inangoja uwashe, na wewe umewasha juu mechi inaanza. Kwa hivyo napanga kwa usumbufu tu, picha kila mtu ana macho yake.

Namba moja ni digitali ya kawaida na stiki ya kuchomeka kwa HDMI (kidude cha kuleta Netflix na YouTube). TV yenyewe haijui intaneti, haina cha kuapdeti, Citizen na KBC unashika bure na eriali bora iwe na DVB-T2 ndani, ile ya kushika matangazo ya dijitali bila king'amuzi (uliza kabla hujalipa), na stiki ikizeeka unabadilisha stiki peke yake. Shida ni size, kubwa kubwa siku hizi karibu zote ni smati.

Mbili, Samsung na LG. Apdeti ya otomatiki inazimika, ingia Settings, Support, Software Update. Mwaka 2024 Samsung walitangaza apdeti za Tizen, sistemu ya TV zao, za miaka 7 kwa baadhi ya modeli mpya, poa, lakini pia ni miaka 7 ya menyu kuhamahama. Ukinunua Ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, uliza ni ya mwaka gani, maana Desemba 2019 Netflix ilikufa kwa Samsung kadhaa za 2010 na 2011 na kioo bado kizima kabisa.

Tatu, za Google TV kama TCL. Hapa unazima mara mbili, sistemu kivyake na apu kwa Play Store kivyake, na nyingi za bei ya chini ziko na storeji ya 8GB tu, apdeti kidogo tu imejaa.

Mwisho kabisa ni viboksi vya Android visivyo na jina. Juni 2025 FBI walionya kuhusu BADBOX 2.0, virusi ambavyo vingine vinakuja ndani kutoka kiwandani. Achana navyo.

Na stima ya mtaa wenu ikiwa ya kupotea potea usianzishe apdeti mawingu yakiwa meusi, ikikatika katikati TV inaweza kugoma kuwaka na hapo ni fundi.

Kabla hawajairudisha TV kwa katoni waambie wakufungulie setingi ya kuzima apdeti uione, ukiambiwa "hiyo utaona nyumbani" ingia duka linalofuata.