Chumba kidogo ndani ya kitabu: kuchimba kurasa au kutia sanduku la katoni?

Ukitaka kutengeneza chumba cha mfano, chenye mtu na vitu vidogo, ndani ya kitabu kinene cha jalada gumu, mfano kamusi kuukuu ya Kifaransa ya sokoni Kadutu, Bukavu, njia ni mbili.

Kuchimba kurasa kunapendeza zaidi, maana kuta zinabaki karatasi yenyewe. Changanya gundi nyeupe ya mbao vipimo 2 na maji kipimo 1, paka kingo tatu za nje, tenga jalada kwa nailoni, kandamiza kwa matofali hadi kesho. Acha ukingo wa sentimita 2, kisha kata kwa wembe ukifuata rula ya chuma, kurasa 5 hadi 10 kwa mara moja. Kinachoharibu kazi ni papara: ukikandamiza sana wembe unalala, na shimo linakuwa jembamba kadiri unavyoshuka. Pembe zikianza kuchanika, wembe umekwisha, badilisha.

Bukavu maji ndiyo adui. Kati ya Septemba na Mei karatasi hunyonya unyevu, na gundi yenye maji mengi hukunja kurasa zote. Kazi hii ingoje Juni.

Sanduku ni rahisi: ondoa kurasa zote, gundisha sanduku la katoni ya milimita 3 kwenye jalada la nyuma. Linakauka haraka, na dirisha unalitoboa kabla ya kuunganisha. Ila mgongo hulegea. Ushikize kwa kitambaa cha pamba.

Kwa kipimo cha 1:24, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 24, mtu wa sentimita 168 anakuwa wa sentimita 7, kwa hiyo kitabu cha sentimita 22 kinabeba ghorofa mbili. Zikiwa mbili, chagua sanduku.