Futiboli ya Kimarekani katika vyuo vya miaka miwili: kagua krediti kabla ya jezi

Njia ya kuanzia chuo cha miaka miwili nchini Marekani, kisha kuhamia timu ya chuo kikuu, tunaipa nyota tatu kati ya tano. Uwanjani haina tatizo. Aaron Rodgers, aliyekuja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa ya NFL, alipitia Butte College mwaka 2002. Cam Newton, naye nyota wa NFL baadaye, alibeba ubingwa wa taifa wa vyuo hivi akiwa Blinn College 2009, na mwaka uliofuata, akiwa Chuo Kikuu cha Auburn, akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Vipaji vipo, na makocha wa vyuo vikuu wanalijua hilo.

Nyota mbili zimepotelea darasani. Ukitoka sekondari bila kutimiza masharti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu, itakudai uhitimu chuo cha miaka miwili, usome mihula mitatu kamili, uwe na wastani wa 2.5, pamoja na krediti (vipimo vya masomo uliyofaulu) 6 za Kiingereza, 3 za hesabu na 3 za sayansi zinazohamishika. Neno zito hapo ni "zinazohamishika", yaani zinazokubaliwa na chuo kikuu unachohamia. Chukua muhula wa krediti 14: 6 ni za kozi za kujazia mapengo ya sekondari, 3 za mazoezi ya viungo. Zile 6 hazihami kabisa, na za mazoezi hukubaliwa 2 tu kwa jumla. Umebaki na 7, ilhali karatasi ya matokeo inapendeza kweli kweli.

Kosa la pili ni la kalenda. Anayetaka kuhama Desemba ya mwaka wa pili, awahi mazoezi ya masika huko aendako, ana mihula mitatu tu. Shahada ya chuo cha miaka miwili huhitaji takriban krediti 60. Ukichukua 15 kila muhula unapata 45. Zilizobaki ni lazima uzisome likizo ya kiangazi, na ufadhili wa michezo mara nyingi haugusi kiangazi. Uliza mapema nani analipa.

Kuhusu pesa, timu ya Divisheni ya Kwanza ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili, ina nafasi 85 za ufadhili, na si zote hulipia kila kitu. Barua ya ufadhili ikisema "ada na vitabu", bweni na chakula ni juu yako. Divisheni ya Tatu ya NJCAA haitoi ufadhili wa michezo. Vyuo vya miaka miwili vya umma vya California navyo havitoi, ingawa mkazi wa jimbo hulipa dola 46 tu kwa krediti. Anayetoka nje ya jimbo hulipa mara kadhaa ya hizo, na vyuo vingi vya huko havina mabweni.